Mkate wa Nyumbani na Mkate wa Duka: Kutoka Visiwani hadi Kapalamsenga

Mtu wa pwani akisema "mkate" na kunyamaza, hajamaliza kusema. Msikilizaji atamuuliza: mkate gani? Kuna mkate wa kumimina, mkate wa mofa, mkate wa ufuta, mkate wa mayai, mkate wa sinia na mkate wa ajemi. Tena kuna boflo, ambao ndio huo wa duka na tanuri la mjini. Ukilitazama neno lenyewe utaona kuwa halikutaja nafaka yoyote. Lilitaja umbo: kitu kilichokusanywa, kikashikamana, kikaweza kukatwa na kugawiwa. Ndiyo sababu wazee wetu waliweza kusema "mkate wa tumbaku" bila ya mtu kudhani kuwa tumbaku italiwa.

Huko magharibi ya mbali, katika kijiji cha Kapalamsenga, Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi, upande wa kuelekea Karema na ziwa, hali ni nyingine. Huko, kama ilivyo katika vijiji vingi vya bara, mkate usiofuatwa na jina la pili ni mkate wa ngano, na mkate wa ngano aghalabu ni kitu cha kununuliwa. Chakula cha nyumbani ni ugali, wa mahindi au wa muhogo. Mkate huingia nyumbani kutoka dukani, kama sabuni na mafuta ya taa.

Basi swali linaloulizwa mara nyingi, la ubora wa kuoka mkate nyumbani au kuununua, haliwezi kujibiwa kwa kupima ladha na bei peke yake. Lina historia, na historia hiyo imepita njia moja ndefu, kutoka visiwani hadi ukingo wa Ziwa Tanganyika. Dai langu katika makala haya ni kwamba tulichopoteza kwa mkate wa duka si ufundi wa kuoka tu. Tumepoteza haki ya kuamua mkate ni nini.

Tuanzie nyumbani kwetu. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331, katika safari yake ya kwenda Kilwa, aliandika kwamba watu wa kisiwa kile hawakulima nafaka, bali waliletewa kutoka mwambao, na kwamba chakula chao kikubwa kilikuwa ndizi na samaki. Nalitaja jambo hili mapema ili mtu asije akadhani kuwa zamani kila nyumba ilijitosheleza kwa kila kitu. Kisiwa kimekula nafaka ya kuvushwa tangu karne nyingi. Lakini nafaka iliyovushwa ilikuwa mtama na mchele, na ilipofika ikawa mikononi mwa mwanamke wa nyumba ile, naye ndiye aliyeipa umbo.

Tazama ufundi uliomo. Ngano ina jambo lake ambalo nafaka nyingine hazina: unga wake ukikandwa kwa maji hufanya utando unaovutika kama mpira, na utando huo hushika hewa ya chachu, donge likaumuka na kusimama. Mchele hauna utando huo, na mtama hauna. Kwa hiyo aliyetaka mkate wa mchele hakuweza kuukanda. Aliuroweka mchele, akausaga kwa tui la nazi, akautia hamira na sukari na iliki, akauacha uumuke, kisha akaumimina sufuriani na kuupalia makaa juu na chini. Jina "mkate wa kumimina" si pambo, ni maelezo ya kazi. Na aliyetaka mkate wa mtama alifanya mofa, mikate midogo inayobandikwa katika ukuta wa tanuri la udongo lililokwisha kupata moto. Ni njia mbili za kuishinda kasoro ya nafaka, na zote zilibuniwa au kupokewa na kukamilishwa jikoni.

Hata msamiati wetu umehifadhi habari hiyo. Tunayo maneno mawili ya kitu kinachoumusha unga. "Hamira" limetoka katika Kiarabu, nalo leo ni punje za paketi zinazouzwa dukani. "Chachu" ni la Kibantu, ndugu wa kuchacha na kuchachuka, na halihitaji paketi: chachu ni donge la jana lililobakizwa kwa ajili ya leo, au ni povu la kinywaji kilichoiva. Hamira hununuliwa, chachu hutunzwa. Katika maneno hayo mawili umo mzozo wote wa makala haya.

Boflo uliingia mjini ukakaa pamoja na mikate ya nyumbani, haukuifukuza. Kila mmoja ulijua saa yake. Boflo ulikuwa wa asubuhi, wa mtu anayewahi kazini au chuoni. Mkate wa kumimina na wa mofa ilikuwa ya futari, ya mgeni, ya sikukuu. Huo ndio mgawanyo tulioukuta sisi tuliozaliwa katika karne ya 20, na tukadhani ndivyo dunia yote ilivyo. Bara haikuwa hivyo.

Mkate wa ngano ulikwenda bara mabegani mwa watu. Misafara iliyoandaliwa Zanzibar ilivuka hadi Bagamoyo, ikashika njia ya Tabora na kutoka hapo Ujiji, mwendo wa miezi kadhaa. Waarabu na Waswahili waliofanya maskani Tabora katika karne ya 19 walilima ngano katika bustani zao na kuimwagilia wakati wa kiangazi, na wasafiri wa Kizungu waliopita huko wakaitaja. Ilikuwa ngano ya watu wachache, ya meza ya mwenye nyumba kubwa, lakini ilipandwa hapo hapo na kuokwa hapo hapo.

Mwaka 1879 nahodha wa Kibelgiji, Ernest Cambier, aliyetumwa na jumuiya ya Mfalme Leopold wa Pili, alianzisha kituo pale Karema, ukingoni mwa ziwa. Mwaka 1885 kituo kile kilikabidhiwa Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana zaidi kwa jina la White Fathers. Pamoja nao likaja hitaji ambalo halikuwa la anasa wala la ulafi. Sheria ya Kanisa Katoliki inataka mkate wa misa uwe wa ngano tupu. Wa mtama haufai, wala wa muhogo, wala wa mchele. Kwa mara ya kwanza katika nchi ile, mkate ukawa na nafaka yake ya lazima. Misheni zikapanda ngano katika nchi za juu za Ufipa, ambako baridi inaikubali, na mpaka leo ngano hulimwa huko.

Mpenzi wa lugha hatapita hapa bila ya kusimama. Sala ya Bwana katika Kiswahili imetafsiriwa kwa njia mbili. Wakatoliki humwomba Mungu "mkate". Biblia ya Kiswahili ya Union, iliyotumiwa sana na Waprotestanti, ikaandika "riziki". Mfasiri wa pili alitambua kuwa msomaji wake hali mkate kila siku, akachukua neno ambalo lingeingia ndani yake ugali, ndizi, wali na samaki. Mfasiri wa kwanza alishika neno la asili, na kwa kufanya hivyo akamfundisha mtu wa Karema kuomba kwa jina la chakula ambacho hakikuwa chungu chake. Simlaumu yeyote kati yao. Nasema tu kwamba mkate, kabla haujawa bidhaa ya duka katika nchi ile, ulikwisha kuwa neno la heshima lililotoka mbali.

Kisha ukaja mkate wa mshahara. Baada ya kugunduliwa madini ya risasi Mpanda katika miaka ya 1930, serikali ya kikoloni ilitoa tawi la reli kutoka Kaliua, urefu wa takribani kilomita 210, nalo likawa tayari kufikia mwaka 1950. Reli ilijengwa ili itoe madini, lakini behewa linalokwenda kuchukua madini haliendi tupu. Likaleta nguo, sukari, chai na unga wa ngano. Palipo na mgodi pana watu wasio na shamba wala mke wa kuwatwangia, na mtu wa namna hiyo ndiye mteja wa kwanza wa mkate wa kununua popote duniani. Mgodi wa Mpanda ulifungwa mwaka 1960; reli ikabaki, na tabia ya chai kwa mkate ikabaki. Kapalamsenga nako kunajulikana kwa madini, shaba, na wachimbaji wadogo wa leo wako katika hali ile ile ya wale wa miaka ya 1950: wana fedha kidogo mkononi, na hawana jiko.

Lisidhaniwe kuwa hili ni jambo la Afrika peke yake. Plinio, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, anasema kuwa mji wa Rumi ulikaa zaidi ya miaka 580 bila ya waokaji wa biashara, na kwamba kabla ya hapo mkate ulikuwa kazi ya wanawake majumbani. Waokaji walikuja wakati Rumi ilipokwisha kuwa mji mkubwa unaolishwa na mashamba ya wengine. Mkate wa kununua na nafaka ya mbali ni ndugu. Akifika mmoja, mwingine hachelewi.

Tanzania huru ilitaka kuukata undugu huo, nia ikiwa njema. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, lilifungua mashamba makubwa ya ngano katika tambarare za Basotu, Hanang. Yalikuwa mashamba saba, kila moja takribani ekari 10,000, yakilimwa kwa matrekta na kuvunwa kwa mashine. Lakini tambarare zile hazikuwa tupu. Zilikuwa malisho ya Wabarbaig, na humo mlikuwamo makaburi ya wazee wao, ambayo baadhi yake yalipitiwa na majembe ya matrekta. Wanakijiji wa Mulbadaw waliishitaki NAFCO, wakashinda Mahakama Kuu. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu ile. Kwa hiyo mkate uliokatwa Dar es Salaam kwa chai ya asubuhi ulikuwa na mtu mahali fulani aliyeulipia kwa malisho ya ng'ombe wake, na mlaji hakujua.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1970 kilijengwa Dar es Salaam, kwa msaada wa Kanada vilevile, kiwanda cha mkate cha mitambo inayojiendesha. Mchumi Andrew Coulson alikiandikia makala yaliyosomwa sana. Hoja yake ilikuwa nyepesi: matanuri madogo ya kuni, yaliyokuwapo tayari mjini, yangeweza kutoa mkate huo huo kwa fedha chache za kigeni na kwa kuajiri watu wengi zaidi. Kiwanda kilishinda, kwa kuwa mtambo una sura ya maendeleo na tanuri la udongo halina. Ni kosa la macho zaidi kuliko kosa la hesabu. "Usiache mbachao kwa msala upitao," walituambia wazee, na sisi tukaacha.

Visiwani hatuna haki ya kucheka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Serikali ya Mapinduzi ilipunguza mno chakula kilichoagizwa kutoka nje; mchele na unga wa ngano vikagawiwa kwa kipimo, na foleni ikawa sehemu ya asubuhi ya mtu wa Unguja na Pemba. Bara ikaonja foleni hiyo baadaye, katika miaka ya mwanzo ya 1980, wakati unga, sukari na sabuni vilipotafutwa kama dawa, na mwaka 1983 ikaja kampeni dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi. Waliozipitia siku zile wanajua ni nani aliyeteseka zaidi: ni yule aliyekwisha kuamini kuwa bila ya boflo hakuna chai. Aliyekuwa na muhogo shambani, na mke au mama anayejua kuugeuza, alikula. Hakula alichokitaka, lakini alikula.

Mfano ulio wazi kuliko wote umetoka kwa jirani zetu wa kaskazini. Sudan ilikuwa nchi ya kisra, mkate mwembamba wa mtama uliochachuka, unaopikwa na wanawake nyumbani juu ya bamba la moto. Miaka mingi ya ngano ya bei ya ruzuku iliwahamisha watu wa mijini kutoka kisra kwenda mkate wa tanuri la biashara. Mwezi Desemba 2018 bei ya mkate huo ilipanda kutoka pauni moja hadi pauni tatu. Mji wa Atbara ukainuka tarehe 19, na miezi minne baadaye Rais Omar al-Bashir, aliyetawala miaka 30, akaondolewa. Sababu za mapinduzi yale zilikuwa nyingi. Lakini mkate uliowasha moto haukuwa kisra.

Tumerudi Kapalamsenga. Mwaka 2022, vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza, bei ya ngano ilipanda duniani kote. Tanzania wakati huo ilihitaji takribani tani milioni moja za ngano kwa mwaka, na yenyewe ilizalisha chini ya tani laki moja. Sehemu kubwa ya pengo hilo hushushwa bandarini Dar es Salaam, husagwa, kisha husafiri. Kutoka Dar es Salaam mpaka Mpanda kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,100, na kutoka Mpanda kwenda upande wa ziwa ni safari nyingine ya gari. Katika kila hatua mtu anachukua chake, naye ana haki, maana amebeba. Hivyo mlaji wa mwisho, ambaye kipato chake ni kidogo kuliko cha walio bandarini, ndiye anayelipa nauli yote, naye hupata mkate uliokwisha kukauka.

Hapa msomaji atasema: basi na aoke nyumbani. Ningependa kusema hivyo, lakini nitakuwa nimedanganya kwa kunyamazia mambo mawili.

La kwanza ni kwamba mkate wa nyumbani haukuwahi kuwa wa bure. Uliokwa kwa mgongo wa mwanamke. Kuamka kabla ya alfajiri, kusaga, kukanda, kutafuta kuni, kupuliza moto, kupalia makaa na kuyaondoa kabla mkate haujaungua: wanaousifu mkate wa mama mara nyingi ni wale waliokuwa wamelala wakati unapikwa. Mkate wa duka uliwapa wanawake wengi saa mbili za asubuhi, na saa mbili si kitu kidogo. Tena tanuri moja la jirani hutumia kuni chache kwa kila mkate kuliko majiko ishirini yaliyowashwa katika nyumba ishirini. Mwenye kuuhubiri mkate wa nyumbani bila ya kuuliza nani ataupika, anahubiri kwa mikono ya mwingine.

La pili ni kwamba mpaka kati ya nyumba na duka si ukuta. Kati yao amesimama mwanamke mwenye karai la mafuta na beseni lililofunikwa kitambaa, barabarani Kapalamsenga kama alivyo Darajani au Chake Chake. Maandazi yake na vitumbua vyake vimepikwa nyumbani na vinauzwa njiani. Hamira yake ni ya duka, mkono ni wake, na faida inalala katika nyumba yake. Yeye ndiye mrithi wa kweli wa yale matanuri madogo ambayo Coulson aliyatetea. Vitabu vya uchumi humpita bila ya kumsalimu, ilhali yeye amelisha wachimbaji, wanafunzi na abiria kwa miaka mingi bila ya msaada wa Kanada wala wa mtu yeyote.

Kwa hiyo sisemi kuwa duka lifungwe, wala kwamba kila mke arudi jikoni. Nasema tulirudishe neno mahali pake. Wataalamu walikwisha kuiona hatari hii zamani. Mwaka 1964 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilianzisha mpango wa unga mchanganyiko, ili ngano ichanganywe na muhogo, mtama au mahindi katika nchi zisizolima ngano ya kutosha. Jambo hilo lilionekana kama uvumbuzi. Kwa aliyekula mkate wa kumimina na wa mofa halikuwa jipya, kwani bibi yake hakusubiri mpango wowote ili ajue kuwa mkate unaweza kuwa wa mchele au wa mtama.

Nchi ya Katavi inatoa mchele mzuri, mahindi, muhogo na karanga. Mnazi si mti wa kule, lakini karanga nayo hutoa tui. Hakuna kinachokosekana kwa mkate wa kumimina kupikwa Kapalamsenga, isipokuwa mtu wa kuuonyesha na watu wa kukubali kuuita mkate. Sisi wa visiwani, ambao misafara yetu ilipeleka bara mengi, mengine ya kutia haya kuyakumbuka, pengine tuna deni la kupeleka na hili: si mtambo wala unga, ila habari kwamba mkate ni jina la umbo, na kwamba umbo liko mikononi mwa aliyeshika unga.

Donge la chachu, ukilitunza, huishi. Hubakizwa kidogo kila siku, na kesho yake huumusha unga mpya, wa nafaka yoyote utakayopewa na mwaka ule. Paketi ya hamira ikiisha, imekwisha.